Briji: Karata za Akili, Karata za Wenza

Briji ni mchezo wa karata wa watu wanne wanaocheza wawili wawili. Wenza hukaa wakitazamana, wapinzani wakiwa kushoto na kulia kwao, na viti vinne hupewa majina ya pande za dunia: Kaskazini hushirikiana na Kusini, na Mashariki hushirikiana na Magharibi. Jokari hutolewa, kisha karata zote 52 hugawiwa moja moja mpaka kila mchezaji awe na 13. Baada ya hapo mchezo huenda kwa hatua mbili. Ya kwanza ni mnada, ambamo kila upande hushindania haki ya kuchagua turufu kwa kuahidi kiasi utakachokula. Ya pili ni uchezaji wenyewe: upande ulioshinda mnada hujitahidi kutimiza ahadi, na upande wa pili hujitahidi kuivunja.

Anayecheza bao huziona kete zote, zake na za mpinzani; kilichofichwa ni nia tu. Anayecheza dhumna kwenye baraza za Unguja, wawili kwa wawili, hujifunza kuisoma kete aliyoitoa mwenzake ili akisie zilizobaki mkononi. Briji iko upande wa dhumna, ila imeuendeleza ujuzi huo mbali zaidi. Mchezaji huanza akiona karata 13 kati ya 52, na kazi yake ni kuzijua 39 zilizobaki kwa msaada wa mwenza asiyeruhusiwa kuzungumza naye. Raha na faida za mchezo huu, pamoja na ugumu wake, zote zinatoka hapo.

Majina ambayo Kiswahili kinayo tayari

Kiswahili hakihitaji kuazima upya ili kuieleza briji. Aina nne za karata zina majina ya zamani yaliyotoka kwa Wareno: kopa ni copas, uru ni ouros, pau ni paus, na shupaza ni espadas. Turufu nayo ni trunfo ya Kireno. Kwa hiyo anayejua mchezo wowote wa turufu ameshavuka kizingiti cha kwanza.

Mpangilio wa nguvu ni rahisi. Ree, yaani karata yenye herufi A, ndiyo kubwa kuliko zote. Hufuatwa na mfalme (K), malkia (Q) na ghulamu (J), kisha 10 kushuka hadi 2. Hakuna karata ndogo iliyopandishwa cheo, na karata yenyewe haina thamani ya kuhesabiwa mwishoni. Kinachohesabiwa ni kula.

Mchezaji mmoja hutupa karata, na wengine watatu hufuata kwa mwendo wa mshale wa saa. Mwenye karata ya aina iliyotangulia lazima aitoe. Asiye nayo anaweza kukata kwa turufu au kutupa karata yoyote asiyoihitaji. Turufu kubwa ndiyo inayokula. Kama hakuna turufu iliyotoka, inakula karata kubwa ya aina iliyotangulia. Karata nne zilizoliwa pamoja zitaitwa hapa fungu. Kila mgao basi una mafungu 13, na aliyekula fungu moja ndiye anayeanzisha linalofuata.

Mchezo ulikotoka

Mzazi wa briji ni whist, mchezo wa Waingereza ambao Edmond Hoyle aliuandikia mwongozo mwaka 1742. Mwaka 1886 kilichapishwa London kijitabu kuhusu mchezo ulioitwa biritch, au whist ya Kirusi, ambamo mmoja wa wenza aliziweka karata zake wazi mezani. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliongezwa mnada. Sura inayochezwa leo ililetwa na Mmarekani Harold Vanderbilt, aliyeijaribu mwishoni mwa mwaka 1925 akiwa safarini katika meli ya SS Finland, kutoka Los Angeles kwenda Havana kupitia Mfereji wa Panama.

Badiliko la Vanderbilt lilikuwa dogo kwa maneno na kubwa kwa matokeo. Kabla yake, upande uliokula mafungu mengi ulizawadiwa hata kama uliahidi machache. Yeye aliamua kwamba zawadi kubwa ziwe za yale yaliyoahidiwa tu. Tangu hapo mnada ukawa na uzito sawa na uchezaji: woga humnyima mchezaji zawadi, na tamaa humtia hasarani. Ely Culbertson aliueneza mchezo huo kwa vitabu na kwa pambano lake na Sidney Lenz mjini New York mwaka 1931 na 1932, lililoandikwa magazetini siku baada ya siku. Mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl yalianza mwaka 1950, na Shirikisho la Briji Duniani liliundwa Oslo mwaka 1958.

Mnada: lugha ya maneno 38

Dau la briji lina sehemu mbili, namba na aina. Namba huanzia 1 hadi 7 na huhesabiwa juu ya mafungu sita ya kwanza. Anayesema "kopa 4" ameahidi mafungu 10 kopa ikiwa turufu; anayesema "bila turufu 3" ameahidi mafungu 9 pasipo turufu yoyote. Kwa cheo, pau ni ya chini, kisha uru, kopa, shupaza, na bila turufu juu ya zote. Kila dau jipya lazima lipande juu ya lililotangulia, kwa namba au kwa cheo. Asiyetaka kupandisha husema anapita. Anayeamini wapinzani hawataweza kutimiza ahadi yao anaweza kusema dabo ili malipo yaongezeke, nao wanaweza kujibu kwa ridabo. Watu watatu wakipita mfululizo baada ya dau, mnada umefungwa na dau la mwisho limekuwa mkataba.

Madau yanayowezekana ni 35. Ukiongeza kupita, dabo na ridabo, msamiati wote wa mnada una maneno 38. Kwa maneno hayo machache wenza wawili wanatakiwa kuelezana karata 26, tena mbele ya wapinzani wanaosikia kila kitu na wanaoweza kuwakatiza wakati wowote.

Mazungumzo hayo huanza kwa hesabu. Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, hivyo karata zote zina pointi 40 na wastani wa kila mchezaji ni 10. Mwenye pointi 12 au 13 kwa kawaida hufungua mnada. Wenza wenye jumla ya pointi 25 hivi hulenga mkataba mkubwa. Wenye 33 hufikiria slamu ndogo, yaani mafungu 12. Na wenye 37 hufikiria slamu kubwa, mafungu yote 13. Pointi si sheria. Mwenye shupaza sita ndefu na uru moja tu ana nguvu kuliko hesabu inavyoonyesha, kwa sababu turufu ndefu hukata na aina fupi huisha mapema.

Sababu ya kulenga mkataba mkubwa iko kwenye malipo. Kila fungu la pau au uru lililoahidiwa na kuliwa juu ya sita lina alama 20, la kopa au shupaza 30. Bila turufu, la kwanza lina 40 na yanayofuata 30. Mkataba unaofika alama 100, yaani mkataba mkubwa, hupata zawadi ya 300, au 500 upande ukiwa katika hali ya hatari, ambayo hupangwa kwa zamu. Usiofika 100 hupata 50 tu. Ndiyo maana madau yanayotafutwa zaidi ni bila turufu 3, kopa au shupaza 4, na pau au uru 5. Anayeishia shupaza 2 kisha akala mafungu 10 amecheza vizuri lakini amezungumza vibaya, na ubao wa alama utamwonyesha hivyo.

Mazungumzo mazuri si lazima yawe marefu. Katika mfumo unaotumika sana, kufungua kwa bila turufu 1 humaanisha karata zilizotawanyika sawasawa kati ya aina nne, zenye pointi 15 hadi 17. Mwenza mwenye pointi 10 na karata zilizotawanyika vilevile anajua papo hapo kwamba jumla haipungui 25. Anasema bila turufu 3, wengine wanapita, na mkataba umepatikana kwa maneno mawili.

Karata za wazi

Mnada ukifungwa, mchezaji wa kwanza wa upande ulioshinda kuitaja aina ya mkataba ndiye mwenye mkataba. Mpinzani aliye kushoto kwake hutupa karata ya kwanza. Hapo mwenza wa mwenye mkataba huzilaza karata zake zote mezani, zikiwa wazi kwa kila mtu, na hana tena kauli mpaka mgao uishe. Mwenye mkataba hucheza mikono yote miwili.

Ushauri unaomfaa anayeanza kuliko mwingine wote ni huu: karata za wazi zikishalazwa, asiguse karata hata moja kabla ya kuhesabu. Mgao mmoja unatosha kuonyesha kwa nini. Kusini ana shupaza A 7 3, kopa A K 5, uru J 10 4 na pau K Q 6 2, jumla pointi 17. Kaskazini, ambaye karata zake ziko wazi, ana shupaza 8 4, kopa 7 6 2, uru A Q 9 8 5 na pau A 9 3, jumla 10. Mkataba ni bila turufu 3, mafungu 9. Magharibi anaanza kwa mfalme wa shupaza.

Mafungu ya uhakika ni saba: shupaza moja, kopa mbili, uru moja na pau tatu. Mawili yaliyopungua lazima yatoke kwenye uru, kwa mtego: Kusini anatupa ghulamu wa uru, na Magharibi asipotoa mfalme, Kaskazini anatoa karata ndogo. Mfalme akiwa kwa Magharibi, amenaswa, na uru zote tano zinaliwa. Akiwa kwa Mashariki, atakula fungu moja, lakini uru nne zilizobaki zinatosha. Kwa hiyo uru haina shida. Hatari iko kwenye shupaza, kwa sababu wapinzani wana nane kati yao, na huenda Magharibi ana tano.

Kusini mwenye pupa atakula mara moja kwa ree ya shupaza. Kisha atategesha uru, Mashariki atakula kwa mfalme, atarudisha shupaza, na Magharibi atakula nne. Upande wa Kusini umepoteza mafungu matano na mkataba umevunjika. Kusini mwenye subira anaizuia ree yake. Anaacha mfalme wa shupaza ale, anaacha na malkia ale, na anakula katika mzunguko wa tatu. Kama Magharibi alikuwa na shupaza tano, Mashariki alikuwa na tatu na sasa hana hata moja. Mtego wa uru ukishindwa, Mashariki atakula, lakini njia ya kumfikia mwenzake kwa shupaza imekatika. Kusini amepoteza mafungu matatu na kula 10. Na kama shupaza ziligawanyika nne kwa nne, wapinzani hawawezi kula zaidi ya shupaza tatu na uru moja, na mkataba umepona vilevile.

Karata ni zilezile katika masimulizi yote mawili. Tofauti imetokana na kufikiri kwa nusu dakika kabla ya fungu la kwanza, na hiyo ndiyo furaha inayowarudisha wachezaji mezani kila wiki.

Hesabu za uwezekano nazo husaidia, na chache zinatosha. Mtego wa kawaida hufaulu mara 50 katika 100. Wapinzani wakiwa na karata tano za aina moja, zitagawanyika tatu kwa mbili takriban mara 68 katika 100. Wakiwa na nne, mgawanyiko wa tatu kwa moja hutokea karibu mara 50, na wa mbili kwa mbili karibu mara 40 tu, kinyume na wengi wanavyodhani. Wakiwa na sita, tatu kwa tatu hutokea karibu mara 36. Anayezijua namba hizi huchagua njia bora, hata kama siku hiyo njia bora itashindwa.

Ulinzi

Katika karibu nusu ya migao, mchezaji huwa mlinzi, yaani wa upande unaojaribu kuvunja mkataba. Ni kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa walinzi wawili wana karata 26 lakini hakuna anayeziona za mwenzake. Mapokeo yana kanuni za kuanzia. Mwenye mfuatano, kama K Q J, hutanguliza iliyo kubwa. Dhidi ya bila turufu, mwenye aina ndefu isiyo na mfuatano hutanguliza karata yake ya nne kutoka juu. Mchezaji wa pili katika fungu kwa kawaida hutoa ndogo, wa tatu hutoa kubwa.

Walinzi pia huzungumza kwa karata. Mwenza akitupa ree na mwenzake akaangusha 8 badala ya 2, anamwambia kwamba aina hiyo anaipenda na iendelee. Ishara hii ni halali kwa sababu imebebwa na karata yenyewe, na wapinzani wanaijua maana yake.

Zana kubwa ya mlinzi ni hesabu ya kutoa. Tuseme mlinzi ana pointi 9, karata za wazi zina 10, na mwenye mkataba alifungua kwa kutangaza 15 hadi 17. Katika 40, zilizobaki kwa mwenza wa mlinzi ni kati ya 4 na 6. Mlinzi huyo bado hajaona karata hata moja ya mwenzake, lakini anajua kwamba anaweza kuwa na ree na pengine malkia juu yake, wala si zaidi ya hapo. Mchezaji anayefanya hesabu hii kila mgao huwapita haraka wenye uzoefu wa miaka wasioifanya.

Bahati na namna ya kuiondoa

Mkono wa karata 13 unaweza kupatikana kwa njia 635,013,559,600. Hakuna anayeishi akazimaliza, na ndiyo maana briji haizoeleki mpaka ikachosha. Lakini lawama ya kale dhidi ya karata ni kwamba mwenye karata nzuri hushinda bila akili. Briji ya mashindano imelijibu hilo kwa njia rahisi. Baada ya kuchezwa, karata za kila mchezaji hazichanganywi na za wengine. Hurudishwa katika kisanduku bapa chenye mifuko minne, kikapelekwa meza nyingine kichezwe upya. Mwisho wa siku, kila jozi hulinganishwa na jozi nyingine zilizoshika karata zilezile. Aliyepewa karata mbovu akapoteza kidogo kuliko wenzake ameshinda. Aliyepewa ree tatu akala chini ya wengine ameshindwa.

Mpango huo unafaa hata nyumbani pakiwa na watu wanane na meza mbili: karata huandikwa au hutunzwa katika bahasha nne, na meza ya pili huzicheza baada ya ya kwanza. Jioni moja ya namna hiyo hufundisha kuliko wiki nzima ya kugawa ovyo.

Faida zake

Faida ya kwanza ni ya akili. Briji hulazimisha mambo matatu kwa pamoja: kukumbuka karata zilizotoka, kupima uwezekano, na kubadili mpango habari mpya inapofika. Ugumu wa hayo unaonekana hata kwa mashine. Kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa sataranji, Garry Kasparov, mwaka 1997. Katika briji, programu ya NooK iliwapita mabingwa wanane wa dunia mjini Paris mwaka 2022, lakini katika jaribio lililohusu uchezaji wa bila turufu 3 tu. Mnada, yaani kuelewana na mwenza, uliachwa nje kabisa.

Faida ya pili ni ya umri. Mchezo huu hauhitaji miguu yenye nguvu wala macho ya ujana. Katika Michezo ya Asia ya Jakarta mwaka 2018, Pranab Bardhan mwenye miaka 60 na Shibnath Sarkar mwenye miaka 56 waliipatia India medali ya dhahabu ya jozi za wanaume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia watu 469 wa Bronx, New York, wenye zaidi ya miaka 75, na ukaona kwamba waliocheza michezo ya ubao au karata mara kwa mara walipatwa kidogo na ugonjwa wa kusahau kuliko wasiocheza. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba karata ni dawa, kwa kuwa huenda wenye akili nzima ndio wanaoendelea kucheza. Hata hivyo unatosha kumtuliza mstaafu anayeambiwa anapoteza muda.

Faida ya tatu ni ya watu. Briji haina dakika ya kucheza peke yako. Mwigizaji Omar Sharif, aliyeichezea Misri katika mashindano ya dunia ya mwaka 1964, na matajiri Warren Buffett na Bill Gates ni miongoni mwa waliojulikana kwa kuipenda, lakini mezani cheo hakina turufu. Mwanafunzi na profesa wakikaa wenza, kinachowaunganisha ni kuaminiana. Anayesema ana pointi 15 lazima awe nazo, la sivyo mwenzake atajenga juu ya mchanga.

Adabu ya meza

Kwa kuwa mchezo mzima unasimama juu ya habari, sheria zake ni kali kuhusu namna ya kuzitoa. Kukunja uso, kukohoa, kusitasita kwa makusudi au kubadili sauti ili kumpa mwenza dokezo ni udanganyifu. Kwa sababu hiyo vilabu hutumia kadi za mnada zilizochapwa madau, zikawekwa mezani pasipo mtu kufungua mdomo, na tangu Bermuda Bowl ya mwaka 1975 mashindano makubwa huweka pazia la mbao kati ya wenza ili wasionane. Makubaliano ya wenza nayo hayawi siri. Mpinzani akiuliza dau fulani lina maana gani, lazima ajibiwe kwa ukweli.

Adabu ya pili ni ulimi. Hakuna kinachovunja jozi upesi kama kumlaumu mwenza mbele ya wapinzani. Kosa likitokea katika mgao wa tatu, lisemwe baada ya mgao wa mwisho, kwa swali badala ya shutuma. Wenza wenye ujuzi wa wastani wanaoheshimiana huwashinda mafundi wawili wanaonuniana.

Suala la fedha nalo lisemwe wazi. Briji ya vilabu na mashindano kwa kawaida huchezwa kwa alama, si kwa dau la pesa, na hata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inalitambua shirikisho lake miongoni mwa yale ya michezo. Kundi jipya likiamua tangu siku ya kwanza kwamba pesa haitakaa mezani, litaepuka kamari na ugomvi wake. Wapo pia wanaoona karata hazifai hata bila pesa. Msimamo huo uheshimiwe, na mtu asivutwe mezani kwa kuonewa haya.

Namna ya kuanza

Njia mbaya ya kuanza ni kukariri madau. Njia nzuri ni kuanza na briji ndogo, isiyo na mnada, inayotumika kufundishia watoto na watu wazima. Kila mchezaji hutaja pointi zake. Jozi yenye pointi nyingi ndiyo yenye mkataba, na kati yao mwenye nyingi ndiye anayecheza. Mwenzake hulaza karata wazi, naye akiisha kuziona huchagua turufu au bila turufu, na kusema kama analenga mkataba mkubwa. Kwa vikao vitatu au vinne hivyo, mtu huzoea kuhesabu mafungu, kutega na kutoa turufu za wapinzani.

Baada ya hapo mnada huingia kidogo kidogo. Makubaliano ya mwanzo yatoshe ukurasa mmoja: pointi za kufungua, maana ya bila turufu 1, idadi ya karata zinazohitajika kutaja kopa au shupaza, na namna ya kumuunga mkono mwenza. Mbinu mbili zenye majina huongezwa zinapohitajika. Ya Stayman ni kujibu bila turufu 1 kwa pau 2 ili kuuliza kama mwenza ana kopa nne au shupaza nne; ya Blackwood ni kusema bila turufu 4 kuuliza idadi ya ree kabla ya slamu. Zaidi ya hizo kwa mwaka wa kwanza ni mzigo. Wanaoanza wengi hupotea kwa kujaza vichwa mbinu kumi wasizozikumbuka kwa usahihi.

Kila mchezaji ajizoeze kuhesabu kitu kimoja kwa wakati. Mwezi wa kwanza ahesabu turufu zilizotoka. Mwezi wa pili ahesabu pointi za kila mpinzani kutokana na mnada. Mwezi wa tatu ahesabu aina moja ndefu mpaka ajue ilivyogawanyika. Kuhesabu zote 52 kwa mkupuo ni ndoto mpaka hizi ziwe mazoea.

Tatizo la kweli la briji ni watu. Wanahitajika wanne, wenye saa mbili au tatu, wakirudi siku ileile kila wiki. Penye uhaba, mtandao huziba pengo: Bridge Base Online huwakutanisha wachezaji wa nchi mbalimbali na pia ina roboti za kufanyia mazoezi. Roboti haichoki wala hainuni, na inafaa kwa kujifunza uchezaji. Haifai kwa kujifunza uenza, kwa sababu haisamehe wala haisamehewi.

Vifaa ni vichache: jozi mbili za karata ili moja ichangwe huku nyingine ikigawiwa, daftari la alama, kalamu, na meza ambayo watu wanne wanaifikia katikati. Kundi likishapata hivyo, jioni ya kwanza itumike kwa migao minane ya briji ndogo, polepole, kila mgao ukichezwa mara mbili: mara ya kwanza karata zikiwa zimefichwa, mara ya pili zote zikiwa wazi mezani, ili kila mmoja aone fungu lilipopotea.